Mizani Kwanza: Kwa Nini Kompyuta Zetu Zinaganda

Mhadhara kwa wenye stesheneri, makarani, walimu na vijana wa kompyuta, mjini Kahama



Nimeombwa nizungumzie kompyuta kuganda. Wapo watakaosema jambo hilo ni dogo mno kuitia watu ukumbini. Kwenye ukanda wetu huu, kuanzia hapa Kahama hadi Katoro na Runzewe, si dogo. Leseni ya uchimbaji mdogo inaombwa kwa mtandao. Zabuni za serikali tangu mwaka 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST. Maombi ya ajira, mkopo wa chuo, matokeo ya mtihani, namba ya malipo ya serikali, vyote vinafunguliwa kwenye kivinjari. Na wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani. Tunakwenda stesheneri, tunakaa kwenye benchi, tunasubiri zamu. Kwa hiyo mashine moja ya mtumba yenye RAM ya GB 4, pale kwenye kibanda cha kutolea fotokopi, ndiyo mlango wa ofisi za umma kwa kata nzima. Mlango huo ukikwama, aliyekwama ni mwananchi.

Niwasimulie nililoliona kwa macho yangu. Siku moja nilikuwa kwenye stesheneri moja mjini Geita, nikisubiri kuchapishiwa karatasi zangu. Mbele yangu alikaa binti aliyemaliza kidato cha sita, na nyuma yake amesimama mama yake, kitenge kiunoni, mkononi bahasha ya kaki yenye vyeti. Wametoka kijijini alfajiri kuja kujaza fomu ya mkopo wa chuo. Binti alikuwa amefika mbali: majina, shule, namba za uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa, mdhamini. Mara mshale wa kipanya ukasimama katikati ya kioo. Saa ya pembeni nayo ikasimama. Taa ndogo ya diski kwenye boksi la kompyuta ikawa inawaka bila kupepesa.

Dada mwenye stesheneri akasema, "Mtandao leo mbovu." Fundi wa simu wa kibanda cha jirani akachungulia, akasema, "Hiyo ina virusi, ipigwe windo upya," yaani Windows isakinishwe upya. Mteja mwingine akasema mashine imezeeka, itupwe. Yule mama hakusema kitu. Akamwangalia binti yake, kisha akaiangalia bahasha. Dada akabonyeza kitufe cha kuwashia, akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Mashine ilipowaka tena, fomu ilirudi tupu.

Ndugu zangu, zilitolewa hukumu tatu katika dakika tatu, na hakuna aliyepima. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilitokea Geita. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kila anayepeleka mzigo pale anajua utaratibu: mzigo unawekwa kwenye mizani, kisha unapimwa usafi wake, ndipo bei inatajwa. Hakuna anayenunua dhahabu kwa macho. Mchimbaji akiambiwa "hii naiona kama gramu nane," atachukua mzigo wake na kuondoka. Mbona basi kompyuta, inayobeba elimu ya mtoto, tunaihukumu kwa macho?

Nikamwomba dada ruhusa, tukasubiri mashine iwake vizuri, tukairudisha kwenye hali ileile iliyokuwa nayo. Kivinjari kikauliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, tukakubali. Mashine ilipoanza kuwa nzito, nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Kikafunguka kidirisha ambacho Windows inakiita Task Manager. Hiyo ndiyo mizani. Kwenye safu ya Memory palisomeka asilimia 97. Kwenye safu ya Disk palisomeka asilimia 100. Mtandao ulikuwa hautumiki hata robo.

Hebu tuelewe namba hizo zinasema nini, kwa lugha ya kazi tunayoijua wote.

Tuchukue karasha la kuponda mawe. Mbele ya karasha kuna uwanja mdogo, hapo ndipo viroba vya mawe vinapowekwa tayari kwa kupondwa. Mbali kidogo kuna stoo kubwa yenye viroba mamia. Karasha haliwezi kuponda kilicho stoo. Sharti kiroba kiletwe uwanjani kwanza. Katika kompyuta, karasha ni prosesa, uwanja ni RAM, yaani kumbukumbu, ile Memory ya kwenye Task Manager, na stoo ni diski. Uwanja ukiwa na nafasi, kazi inakwenda. Ukijaa, vijana wa kubeba hawana la kufanya ila kurudisha kiroba kimoja stoo ili walete kingine. Mwenye mawe yaliyorudishwa akija kudai yake, vijana wanabeba tena. Mwisho wa siku vijana wote wako njiani na mizigo mabegani, na karasha linazunguka tupu. Wamechoka, lakini hawajaponda hata debe moja.

Hali hiyo ilichambuliwa kitaalamu na Mmarekani Peter Denning mwaka 1968, nusu karne na zaidi kabla ya stesheneri ya Geita. Alionyesha kwamba mashine yenye kazi nyingi kuliko kumbukumbu yake haipungui kasi polepole. Inafika mahali inaporomoka ghafla, kwa kuwa nguvu yote inaishia kwenye kubeba. Ndiyo maana kompyuta yako inafanya kazi vizuri ukiwa na kurasa kumi, na ya kumi na moja inaiangusha.

Na umbali wa kwenda stoo ni mkubwa kuliko tunavyodhani. Kuchukua kitu kwenye RAM na kukichukua kwenye diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, kunatofautiana kama mara laki moja. Kama kuchukua kiroba uwanjani ni dakika moja, basi kukifuata stoo ni siku 69. Diski mpya za SSD, zisizo na sahani, zinapunguza safari hiyo ya siku 69 hadi takriban saa 17. Bado ni mbali, lakini mtu anaweza kwenda na kurudi. Taa ile ya diski iliyokuwa inawaka bila kupepesa ilikuwa inatuambia hayo yote. Tuliitazama tu, hatukuisoma.

Sasa, kwa nini kivinjari ndicho kinachojaza uwanja? Mbona zamani hakikuwa hivyo?

Zamani kivinjari kizima kilikuwa kazi moja. Ukurasa mmoja ukiharibika, kurasa zote zinaanguka pamoja. Tarehe 2 Septemba 2008 Google walitoa Chrome, na wazo lake kubwa lilikuwa kutenganisha kurasa katika kazi zinazojitegemea, ili moja ikianguka nyingine zisalimike. Vivinjari vingine vikafuata njia hiyo. Firefox ilianza kuihamia mwaka 2016. Kisha Januari 2018 zikatangazwa kasoro za prosesa zilizopewa majina ya Spectre na Meltdown, ambazo zingeweza kuruhusu ukurasa mwovu kuchungulia siri za ukurasa mwingine. Chrome ikazidisha kuta kati ya tovuti na tovuti, na Google wenyewe wakasema kuta hizo zinaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13.

Wachimbaji wanalielewa hili bila kuelezwa mara mbili. Duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye matimba ya kutosha, ile miti ya kushikilia kuta, linakula miti mingi kuliko duara lisilo na matimba. Hakuna mwenye akili atakayeng'oa matimba ili aokoe miti. Vivyo hivyo, kivinjari hakili kumbukumbu kwa uroho. Sehemu ya kinachokula ni ulinzi wetu. Kwa hiyo dawa si kurudi kwenye kivinjari cha mwaka 2010. Dawa ni kuangalia umefungua maduara mangapi, na nani yumo ndani.

Tulipofungua kivinjari cha yule dada tuliona haya. WhatsApp ilikuwa wazi tangu asubuhi, na hilo ni halali, wateja wanatuma nyaraka zao kupitia hapo. Barua pepe ilikuwa wazi. Video ya muziki ilikuwa inapiga. Ukurasa wa matokeo ulikuwa wazi mara nne, kila mteja na wake. Na kulikuwa na ukurasa wa mkeka wa kubashiri mpira ulioachwa na kijana aliyekwishaondoka, unaobadilisha namba zake kila sekunde kwa mtu asiyekuwepo. Windows 10 yenyewe ikiwashwa tu inachukua karibu GB 2. Kati ya GB 4 za mashine ile, hapo zimebaki 2 kwa hayo yote, na fomu ya binti juu yake.

Kivinjari nacho kina mizani yake ya ndani. Kwenye Chrome na Edge, bonyeza Shift na Esc. Kwenye Firefox, andika about:processes mahali pa anwani. Utaona kila kichupo, yaani kila ukurasa ulio wazi, kwa jina lake na uzito wake. Anza na mzito kuliko wote. Usifunge kivinjari kizima kwa hasira, maana fomu ya mteja imo humo humo. Tulifunga video na mkeka, vichupo viwili tu. Memory ikashuka chini ya asilimia 75, taa ya diski ikaanza kupepesa kama inavyotakiwa, na binti akaanza kujaza upya. Alimaliza. Lakini alijaza mara mbili, na mama yake alilipa muda wa mashine mara mbili.

Nataka niseme wazi kwamba si kila kuganda ni kumbukumbu. Mizani ni ya kutofautisha. Kama ukurasa unazungusha kiduara chake lakini mshale unatembea na Word inaandika vizuri, tatizo ni mtandao. Kama feni inanguruma, boksi lina joto kali, na mashine inajizima yenyewe, tatizo ni joto. Na huku kwetu, kwa vumbi hili la kiangazi, boksi lisilofunguliwa mwaka mzima hujaa vumbi mpaka hewa haipiti. Kama Memory iko chini lakini Disk iko 100 muda wote, au diski inatoa mlio wa kugonga, huenda diski inakufa: hamisha kazi zako leo, usingoje kesho. Kama prosesa imejaa hata kivinjari kikiwa kimefungwa, hapo sasa tafuta virusi. Ila Memory ikiwa juu ya 90, Disk iko 100, na kivinjari kiko juu ya orodha, hukumu imeshatoka.

Kuna jambo moja linalowachanganya vijana wetu wa ufundi. Memory kutumika si kosa. Uwanja mtupu haupondi mawe. Kompyuta nzuri hujaza nafasi iliyobaki na vitu itakavyovihitaji baadaye, na huviachia ikiombwa. Ukiona asilimia 70 na kazi inakwenda, iache. Na zile programu zinazojitangaza kwamba zinasafisha RAM kwa kubofya mara moja, nyingi zinachofanya ni kusukuma viroba vyote stoo ili uwanja uonekane mweupe, kisha vinaanza kurudi kimoja kimoja. Zinaongeza kazi ileile tunayoikimbia. Vilevile msizime ile faili ya akiba ambayo Windows inaitumia kama stoo. Wapo mafundi wanaoizima wakidhani wanaongeza kasi. Stoo ikifungwa na uwanja ukajaa, programu zinakufa papo hapo.

Basi tufanye nini? Nitayataja kwa mpangilio wa gharama, kuanzia yasiyo na gharama.

Kwanza, kila mteja mpya aanze na kivinjari kisafi. Aliyemaliza akiondoka, kurasa zake zifungwe. Ni usafi, na pia ni siri yake, maana wengi wanaondoka akaunti zao zikiwa wazi.

Pili, kagueni viendelezi, vile vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye kivinjari. Kimoja kinaweza kukaa ndani ya kila ukurasa unaofungua. Kuna kipimo rahisi: fungua dirisha la faragha, ambalo kwa kawaida halibebi viendelezi, ufungue ukurasa uleule. Ukiona ukurasa umekuwa mwepesi, mwizi umempata. Ondoa kimoja kimoja mpaka umjue.

Tatu, washeni kilaza-vichupo. Chrome ilianza kukileta mwishoni mwa 2022 kwa jina la Memory Saver. Edge ilikuwa nacho tangu 2021, na Firefox kwenye Windows inafanya hivyo yenyewe kumbukumbu inapokaribia kwisha. Kichupo kisichoguswa kinalazwa, nafasi yake inarudi uwanjani, na ukikigusa kinapakiwa upya. Tovuti ya fomu iwekeni kwenye orodha ya zisizolazwa, kwa sababu ukurasa ukipakiwa upya ulichokuwa hujakihifadhi kinaweza kupotea.

Nne, ukurasa unaokaa wazi kutwa ufungeni mchana na muufungue upya. Baadhi ya kurasa zinavuja: zinaomba nafasi na kusahau kuirudisha, na uzito wake unapanda saa baada ya saa bila wewe kufanya lolote.

Tano ndiyo yenye gharama. Kama mmepima siku saba na kila siku uwanja unajaa kwa kazi za halali, ongezeni RAM ifike GB 8. Lakini kabla ya kutoa hela, angalieni mambo mawili. La kwanza, kwenye mipangilio ya Windows, mahali pa About, someni System type. Kama ni bit 32, mashine haitatumia zaidi ya GB 4 hata mkiipa 16. Itabidi kwanza iwekewe Windows ya bit 64. Nimemwona mtu amelipa, amefungiwa, na mashine imebaki vilevile, kwa sababu fundi hakuusoma mstari huo mmoja. La pili, angalieni aina ya RAM: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na ya laptopu haiingii kwenye ya mezani. Na kama diski bado ni ya sahani, SSD ndogo mara nyingi itawapa nafuu mtakayoiona siku hiyohiyo.

Nina neno pia kwa wasiokuwepo ukumbini humu, wale wanaotengeneza mifumo ya umma. Ndugu zetu, mnaijenga kwenye mashine mpya, kwenye mtandao wa kasi. Inatumika Nyang'hwale, Mbogwe, Ushetu na Kishapu, kwenye kompyuta ambayo ilishatumika ofisi ya watu wengine kabla ya kuvuka bahari. Ijaribuni kwenye mashine ya GB 4 kabla ya kuifungua kwa wananchi. Picha kubwa isiyosaidia kujaza fomu iondoeni. Na zaidi ya yote, fomu ndefu ijihifadhi yenyewe kila hatua, ili mashine ikiganda, mtu aanzie alipoishia. Fomu isiyojihifadhi inamtoza maskini gharama ambayo haikuandikwa kwenye sheria yoyote: nauli ya pili, siku ya pili ya shamba, hofu ya kwamba tarehe ya mwisho itampita.

Nilimwona yule mama akikunja bahasha yake jioni, akishukuru kila mtu, hata wale tuliomchelewesha. Alishukuru kwa sababu hakujua kwamba asubuhi yake ingeweza kuokolewa na vitufe vitatu. Sisi tuliokuwa pale ndio tuliopaswa kujua.

Wenye stesheneri, nawaomba mrudi na jambo moja. Andikeni kwenye karatasi, mbandike ukutani juu ya kila mashine: Ctrl, Shift, Esc. Kabla ya kusema mtandao mbovu, pimeni. Kabla ya kupiga windo, pimeni. Kabla ya kumwambia mteja kwamba mashine imekufa, na kabla kidole hakijagusa kitufe cha kuzima, pimeni. Na kabla hamjamkalisha mtu mbele ya fomu, fungeni yote yasiyo yake, kisha mwambieni ahifadhi kila hatua. Dhahabu yetu hatuiuzi bila mizani. Na muda wa watu wetu usipotee kwa sababu hatukupima.